Gogo la Nyuma

Kazi yangu haina leseni.
Nabeba gogo la mkaratusi lenye kishikio cha kamba,
na kila Landrova inapoishiwa pumzi
nalitupa nyuma ya tairi
kabla mlima haujadai chake.

Dereva ni shangazi, Eliwaza Shemzigwa,
miaka hamsini na mbili, viatu amevua:
klachi, anasema, husikika kwa unyayo.
Nyuma tumefunga mashine ya kusaga
kwa minyororo miwili na mpira wa baiskeli.
Barabara kubwa imemezwa na mvua ya Aprili,
na huko Mlalo wanatwanga tena kwa mchi,
wanatwanga na kutukana.

Basi tukashika njia ya Mjerumani.
Mng'aro, saa kumi na moja alfajiri,
joto la majaruba ya mpunga bado liko shingoni,
kisha kona ya kwanza,
na baridi ikaanza kutupima mabega.

Kona za huku zina majina.
Kona ya Samahani: magari mawili hayapishani
mpaka mmoja aombe radhi na kurudi kinyumenyume.
Kona ya Talaka: bibi harusi alishuka hapo na sanduku lake,
akatazama chini, akamtazama mume,
akarudi Mng'aro kwa miguu.
Kona ya Uji, sijui kwa nini.
Shangazi naye hajui, ila akifika hupiga honi.

Gia ndogo. Injini inaguna.
Jiwe, jiwe, tope, mzizi, jiwe.
"Usiliangalie korongo," ananiambia,
mimi ninayetembea upande wa korongo.
Tairi la mbele kushoto liko hewani,
linazunguka polepole
kama mtu anayetafuta neno.

Kona ya tisa, ukuta ukatema jiwe.
Ukuta wa mawe matupu, hauna saruji,
uliopangwa na watu walioitwa kwa kiboko.
Mmoja wao Mashombo, babu wa babu yangu.
Hatuna picha yake, kaburi hatulijui,
tuna kauli moja tu aliyoiacha nyumbani:
jiwe zito ni la pili.
La kwanza hulijui. La pili unalijua.

Gari likateleza. Shibiri moja. Mbili.
Mnyororo ukalia.
Shangazi hakupiga kelele,
alitaja jina langu tu, "Hoza,"
kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi mezani.
Nikatupa gogo.
Gogo likapasuka, nusu ikashika,
nusu ikaenda zake bondeni,
tukaisikia ikigonga, na kugonga,
halafu hatukuisikia.

Nikaliinua lile jiwe.
Sijui nililiinuaje. Lilinichuna mbavu,
likaniachia ukungu na mchanga mdomoni,
nikalisukumiza chini ya tairi
na Landrova ikakaa juu yake
ikatoa mvuke kama bibi aliyetua kuni.

Tulipovuka, nikadhani tumemaliza.
Nilikuwa na maneno, ya kujisifu kidogo.
Shangazi akachungulia dirishani:
"Lirudishe ukutani. Kuna watakaoshuka."

Nikaliinua tena.

Mlalo tulifika saa sita na ushei.
Miti ya peasi inadondosha maji, kabichi zimevaa ukungu,
na wanawake wametoka na debe za mahindi vichwani
kana kwamba mashine itasaga humo humo garini.
Hawakutuangalia sisi. Waliigusa mashine,
wakaigonga kwa vidole kama watu wanaochagua nazi.
Mmoja, aliyejifunga kanga kiunoni,
akazunguka nyuma, akainama, akauliza:
"Na mkanda wake?"

Shangazi akanitazama.
Mimi nikautazama mnyororo.
Mkanda tumeuacha Mng'aro, msumarini, nyuma ya mlango,
nauona hadi sasa ulivyoning'inia.

Hakuna aliyecheka.
Shangazi alikuwa ameanza kuvaa viatu;
akavivua.
Nami nikaomba shoka,
nikaenda kutafuta gogo jingine.