Fungu la 212

Kazi yangu ni kuandika lebo.
Navaa glavu nyeupe kama mpambe wa harusi,
naziinua moja moja kutoka kwenye mahameli
na kwa mwandiko mdogo nasema kila kitu ni nini.

Hii ina singe chini ya mtutu,
ya askari aliyeishiwa risasi
lakini hakuishiwa hasira.
Hii ina kitako cha kuchomeka nyuma
ili bastola ijione bunduki,
mtoto ndani ya koti la babake.
Hii ina kioo cha kuchungulia juu ya handaki
bila kutoa kichwa. Kimeingia ukungu.
Nilijitazama: nikaona jicho moja, na dari.

Na hii, fungu la mia mbili na kumi na mbili,
ina taa.

Birmingham, mwaka wa kumi na saba, vita vile vya kwanza.
Nyuma ya mfereji, kwenye mtaa wa wafua bunduki,
fundi Horace Tranter aliwaza hivi:
usiku adui haonekani, basi risasi ipewe macho.
Akafunga chini ya mtutu taa ya ukubwa wa kikombe cha kahawa,
waya ukateremka hadi kiunoni
kwenye betri nzito kama tofali.
Kamati ya jeshi iliijaribu usiku mmoja tu.
Jibu lao limo humu kwenye bahasha, mistari miwili:
taa inamwonyesha mwenye kuishika
kabla ya kumwonyesha anayetafutwa.

Zilitengenezwa tatu. Imebaki moja,
ndiyo maana ukumbi umejaa na simu zinaita.

Mnunuzi kutoka Leeds alikuja mapema na lenzi yake.
"Balbu si ya asili," akasema. "Na hizi skrubu, tazama,
kuna mtu amezikwangua kwa kisu cha mezani."
Akasikitika kama aliyefiwa.
Nikaandika: Imefunguliwa. Balbu imebadilishwa.
Pauni elfu tisa zikawa elfu nne.

Kiti cha mwisho, karibu na dirisha,
Bi. Muriel Tranter, miaka tisini na mmoja, mkoba mapajani.
Nilimpelekea chai. Hakuinywa.
"Kisu kilikuwa cha mama," akasema.

Novemba, mwaka wa arobaini. Mabomu.
Handaki la bustanini lilijaa maji hadi vifundoni,
mishumaa ikalowa, na uchungu wa mama haukungoja.
Baba akaing'oa taa kwenye bastola,
akaifunika karatasi ya bluu ya kufungia sukari.
"Nikapewa niishike mimi. Nilikuwa na miaka sita.
Mama akanifokea: mulika huku, si ukutani!"
Desmond alitoka na nywele nyingi.
Desmond wamemzika Machi iliyopita.

Nami nilikuwa nimeandika: imefunguliwa.
Kwa lugha ninayowazia
neno hilo lina mlango wa pili,
na mama yeyote wa kwetu angeujua bila kuonyeshwa.
Lakini lebo ni ya Kiingereza, na ina nafasi ya mistari mitatu,
na dalali alikuwa amefika fungu la mia mbili na tisa.

"Inawaka bado?" akauliza.

Nikatoa betri ya saa ya ukutani.
Nikashika ncha mbili za waya, glavu nimevua.
Ikachelewa, kisha ikawa nyekundu,
wekundu wa kaa la jiko usiku wa manane.
Haikufika ukutani. Haikufika hata mlangoni.
Ilifika usoni kwake,
na kwenye vidole vyangu vilivyotetemeka.

Kamati haikukosea.

Iliuzwa elfu nne na mia mbili.
Yule wa Leeds aliuliza kama naweza kumtafutia balbu ya zamani.
Nilimwambia nitajaribu.
Saa ya ukumbi bado inasema saa nane na dakika kumi,
na hakuna aliyeuliza kwa nini.