Kilo Ishirini

Dakta Emuron aliiweka mezani, kando ya kikombe cha chai:
titani, yapata urefu wa kidole changu cha kati,
ngozi yake ikikwaruza kama ulimi wa paka.
"Hii tu?" mama akauliza.
Kwa pesa ile alitarajia kitu kirefu,
ng'ombe wawili na kahawa ya misimu miwili.

Akachora nyonga yangu kama mizani ya sokoni.
"Ukisimama kwa mguu mmoja, Khainza,
uzito wako uko huku, msuli unavuta kule,
na katikati, juu ya tufe dogo kama ndimu,
kilo zako hamsini zinakuwa mia na hamsini.
Kila hatua. Hata ya kwenda chooni."

Ndimu yangu ilikufa nikiwa na miaka ishirini na sita.
Selimundu iliziba vijito vyake vya damu;
kwenye eksirei ilionekana imebonyea
kama mpira wa watoto uliosahauliwa juani.

"Chuma kirefu hushuka hadi katikati ya paja,
kinapeleka mzigo wote chini.
Mfupa wa juu unabaki bila kazi.
Na mfupa usio na kazi, mama,
mwili huuona hasara. Huula,
mwaka hadi mwaka, mpaka uwe kama karatasi ya sigara.
Hiki kifupi kinakaa shingoni, kinaubebesha.
Na siku kikichoka, maana huyu bado mdogo, kitachoka,
tutakuta mfupa wa kushikia."

Mama akanyamaza.
Nilijua anachohesabu:
jerikeni ambazo sikubeba kutoka Namatala,
kuni, jembe, mtoto wa dada yangu mgongoni.
"Kaa, Khainza. Nitafanya mimi."
Miaka ishirini na tisa ya kaa.
Yeye ndiye alikuwa chuma kirefu.

Wiki sita: mizani ya bafuni sakafuni,
mguu wa kulia juu yake, magongo kwapani,
Sista Apolot ameinama kuusoma mshale.
"Ishirini. Usizidishe.
Chuma kikicheza kupita unywele
mfupa utaota utando, hautashika.
Usipokanyaga kabisa, hautajua unahitajika."
Nikajifunza kukanyaga
kama abishaye hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa.

Leo Jumanne. Wanale umefungwa ukungu hadi kiunoni.
Natoka bombani na jerikeni, lita tano,
nimeishika upande wa chuma, nilivyofundishwa:
mzigo mkono huu, fimbo mkono ule,
msuli upumzike.

Mama yuko mlangoni.
Mikono yake imenyooka nusu ya njia,
ikasimama hewani,
kisha akairudisha, akaifunga nyuma ya mgongo
kwa nguvu, nadhani, kuliko yangu.

Maji yamemwagika kidogo kizingitini.
Hakusema kitu. Akasogea, nikapita.