Swali la Saba

Binti wa chuo kikuu alituachia hojaji majilisini,
kurasa nne, pini moja na kalamu ya zawadi.
Swali la saba: Mitazamo ya kimataifa
iongezwe katika somo la Kilimo.
Nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kamwe.
Visanduku vitano vimeachama
kama makinda ya kweleakwelea.

Nyangweso alitia alama yake chai haijapoa.
"Kamwe! Jembe moja, wanafunzi tisa,
bustani ya shule imeliwa na mbuzi wa mlinzi,
nami niwapeleke Vietnam? Kwa nauli ya nani?"
Tukacheka. Nami nilicheka,
maana dunia yangu inaanzia Rabuor na kuishia Awasi,
na kicheko ni pazia la bei rahisi.

Kidato cha Tatu, kipindi cha baada ya chakula.
Nilikuwa ubaoni, mifereji na vitalu,
Adoyo akanyosha mkono.
Vitabu vyake huvibeba katika mfuko wa mchele,
maandishi ya kijani, jina la Karachi limeanza kufutika.
Ng'ambo ya barabara, mpunga wa baba yake
ulikuwa umekwisha vunwa, gunia juu ya gunia,
wiki ya tatu ukingoja mnunuzi.
"Mwalimu, mchele tuliokula leo umevuka bahari,
wetu haujavuka hata barabara.
Mbona wa mbali ndio wa bei nafuu?"

Miaka kumi na tisa ya chaki.
Najua siku za kitalu, najua kina cha maji,
najua ndege wa Ahero huamka saa ngapi.
Nikasema: kesho.

Kesho ya mwalimu ni deni, na darasa zima hulidai.
Nilikesha na simu
mpaka bando ikaisha katikati ya sentensi,
nikabaki na nusu: nani huko hulipia maji,
nani hulipia mbolea,
na sisi huku pampu imezimwa kwa bili ya stima.
Nusu hiyo nikaimwaga ubaoni.
Walinyamaza. Kisha Adoyo tena:
"Na watoto wa huko,
nao hufundishwa habari za Ahero?"

Ijumaa binti alirudi kuchukua karatasi zake.
Swali la saba sikulitia alama.
Pembeni niliandika maswali mawili ya Adoyo,
kwa penseli.
Kalamu ya zawadi ilikuwa imekauka.