Wosha

Morogoro walisema gesi, nikalipa.
Gairo wakasema gesi, nikalipa tena.
Nikaingia Kizota saa nane mchana,
tani thelathini za saruji mgongoni,
shati limenigandia kama deni.

Chilongani hakuuliza habari ya gesi.
"Washa. Zima. Washa tena."
Akatega sikio kwenye kompresa
kama mkunga kwenye tumbo.
Fyuzi nzima. Rilei inaitika.
Umeme unafika kwenye koili,
ila sahani ya klachi imekaa tu, inatazama.

Akaisukuma kwa ncha ya mpini wa nyundo.
Ta!
Ikadakwa. Ikazunguka.

"Sumaku haijafa," akasema,
"inaita kutoka mbali.
Asubuhi sauti inafika,
jua likikaza inachokea njiani."
Akafungua nati, akachomoa wosha moja
nyembamba kama ukucha wa mtoto,
akaniwekea kiganjani.

Hii tu?
Akawa ameshageukia lori la nyuma yangu.

Bahi nimeipita vioo vimefungwa.
Manyoni kuna mtu, tangu Pasaka hatusemi vizuri.
Kila safari namwongezea kitu:
doti ya kanga, sukari, ahadi.

Wosha inalia kwenye kisahani cha majivu
kila tukipita tuta.