Ghorofa ya Chini

Duka namba tatu nililichora mimi:
mita nne kwa sita, kioo toka dari hadi sakafu,
mlango wa kusukuma, na vidato vitatu
kwa sababu niliogopa maji ya Aprili.
Kwenye ramani nikatia watu wawili wa wino,
wembamba, wasio na mizigo,
na mti ambao hakuna aliyeupanda.

Huu ni mwezi wa kumi na nne.
Bango limepauka, INAKODISHWA,
na tarakimu ya mwisho ya simu imeliwa na jua.
Kizuri chajiuza, walisema.
Kioo changu kinajitembeza mchana kutwa
kwa magari ya Kilimani,
na magari hayanunui.

Juu, ghorofa kumi na sita za watu wanaoishiwa na chumvi.
Jioni wanashuka kwa lifti, na ndala miguuni,
duka namba tatu hawalitazami.
Wanapinda kushoto, kwa Kemunto.

Kemunto alikuwapo kabla ya jengo.
Alikuwapo wakati wa uzio wa mabati,
akiwakopesha wajenzi chapati na maharagwe.
Sasa kidato changu cha kwanza
kina nyanya, nne nne,
cha pili sukuma wiki na kisu,
cha tatu anakikalia.
Kioo kinamkinga upepo mgongoni.
Giza likiingia, taa ya duka tupu
inamulika vitunguu vyake bure.

"Bosi amesema uondoke," Lusweti wa getini humwambia
kila asubuhi, kwa sauti ya mtu anayesoma,
kisha huchukua parachichi lake
na kurudi getini.

Jumanne ikanyesha.
Nilikuwa pale na fungu la dania mkononi,
maji yakiteremka ukutani moja kwa moja hadi kisogoni,
kwa kuwa kibaraza nilikifuta
mwenye jengo aliposema kinakula nafasi.
Tukabanana: mimi, yaya na mtoto wa watu,
kijana wa bodaboda na kofia yake ya chuma,
chini ya mwavuli mmoja wenye mbavu mbili zilizovunjika.

Kemunto akafunika nyanya kwa nailoni,
akainua macho, ghorofa baada ya ghorofa.
"Huyu aliyechora hapa," akasema,
"kwao hakunyeshi?"

Yaya akacheka. Nami nikacheka,
nikalipa, chenji nikaiacha.

Kwenye kioo tulionekana tumo ndani,
wateja watano wa duka namba tatu,
tumelowa, tuna mizigo,
mtoto amenyoosha kidole kuelekea nyanya.

Jengo hili limekwisha, haliongezwi kitu.
Lipo jingine, Ngara, bado liko kwenye karatasi.
Usiku ule nikachonga penseli,
nikavuta mstari mbele ya maduka:
mita moja na nusu, kivuli.
Nikaandika pembeni: na mahali pa kukaa.

Kesho mwenye jengo ataniuliza
kivuli kinalipa kodi gani.