Leja ya Majiliwa

Jumapili, Kibuye, kabla mabati hayajashika moto,
Dorsila hunitolea vile wenzake walivyovikataa.
Yeye hupima kwa kilo. Kwake chuma ni chuma:
springi ya lori, sufuria iliyotoboka,
na hili hapa, limelala ubavu chini ya gunia,
kinywa wazi, kama mtu aliyekatizwa akisema.
"Mzee wa vitu vizito," ananiita, "leo nimekuwekea jino."

Natoa brashi ya waya na kichupa cha mafuta ya taa.
Sinunui kwa macho. Nanunua kwa kidole gumba,
nakipitisha ubavuni polepole
nikitafuta herufi chini ya kutu.

Linaitwa jiliwa, kana kwamba ndilo linaloliwa.
Uongo. Lina taya mbili na halijashiba hata siku moja:
limetafuna mabomba, limetafuna ekseli,
limeutafuna ukucha wangu wa kushoto.
Lakini halimezi.
Hapo ndipo liliponinasa, kinywa kinachoshika tu,
kisha kinarudisha kizima ulichokikabidhi.
Nilikuwa karani wa stoo katika kiwanda cha sukari.
Nimeviona vinywa vya aina nyingine.

Nyumbani, Nyalenda, yako kumi, yote yameandikwa.
La kwanza: inchi nne, herufi za kuinuka,
rangi ya buluu chini ya rangi tatu za watu.
La tatu lina kikono cha kuachia upesi;
ukikibana, taya inateleza kama droo.
La sita ni la karakana ya reli: nambari iligongwa kwa patasi,
mtu akajaribu kuifuta kwa tupa
akachokea kwenye saba.
Perez, mke wangu, naye anayo hesabu yake,
hesabu ya vidole vya miguu alivyojikwaa usiku.

La kumi na moja, hili la Dorsila, lilinitoa jasho.
Nilisugua hadi brashi ikapoteza nywele.
Hakuna herufi. Hakuna nanga, hakuna nyota.
Chuma kina vitundu kama mkate,
mpini ni nondo ya ujenzi,
na taya ya kushoto inainama kidogo,
kama jirani anayesikiliza ukutani.
Siku tatu nilikesha na tochi na rula.
Nikaandika: Huenda ni la kabla ya vita.
Nikafuta. Nikaandika tena, kwa kalamu ya risasi.

"Nani alikuletea?"
"Si Oyier wa Obunga, yule wa majiko."

Oyier hakuinuka. Alikuwa ameubana mlango wa jiko
kwa magoti yake mawili, anagonga.
"Hilo? Nililisubu mwenyewe,
kwa injini ya kinu cha posho iliyopasuka.
Nilikuja kwako kuazima, hukumbuki?
Ukasema ya kwako ni ya kutazamwa.
Basi nikayatazama."

Nikamuuliza mbona aliliuza.
"Karo," alisema, na nyundo haikusimama.
Nikamuuliza mbona hakulitia jina.
Hapo ilisimama.
"Jina la nini? Kwani halishiki?"

Ningependa kuandika kwamba nililirudisha.
Sikulirudisha. Lipo mezani sasa hivi,
limeibana leja hii isifungwe na upepo,
na kwenye safu ya mtengenezaji, kwa wino,
kuna maneno mawili: Oyier, Obunga.

Nilimpelekea la sita, lile la reli,
kwa toroli, na bolti nne mfukoni.
Aliuzungusha mpini mara mbili, akasikiliza,
akapitisha kidole juu ya ile saba iliyokwaruzwa.
"Zito," alisema.
Kisha akautoa mlango wa jiko katikati ya magoti,
akautia kinywani mwake, akakaza,
akaendelea kugonga.