Yatokanayo

Kikao kilifunguliwa saa nne kamili asubuhi.
Ndivyo nilivyoandika. Saa nne kamili
tulikuwa watu watatu na mbuzi wa Mzee Ambilikile
aliyeingia ofisini kukwepa mvua.
Akidi ilitimia saa sita na robo,
mbuzi akatolewa nje,
nami nikapiga mstari chini ya neno AGENDA.

Mvua ya Tukuyu haiombi ruhusa ya kuzungumza.
Inapanda juu ya bati na kuhutubia,
na mwenyekiti wetu, Mwaisumo, mwenye sauti ndogo,
alilazimika kusoma kila jambo mara mbili:
mara moja kwa wajumbe, mara moja kwa bati.

Yatokanayo na kikao kilichopita:
karavati la kijito cha Lusungo.
Diwani akasimama. Buti zake zina tope hadi kwenye ugoko,
maana gari lake kaliacha ng'ambo,
pale pale tunapopalilia siku zote.
Akasema suala limepokelewa. Nikaandika.
Akasema linafanyiwa kazi. Nikaandika.
Akasema mchakato, akasema mwaka wa fedha,
akasema fungu, akasema tuvute subira,
na kalamu yangu ikawa inamtangulia mdomo
kama ng'ombe ajuaye njia ya zizi.

Hapo nikafunua kurasa za nyuma za kaunta buku.
Mwaka juzi: mwandiko wangu.
Mwaka jana: mwandiko wangu.
Sentensi zile zile. Hata doa la chai
nusura lidondoke mahali pamoja.

Kuhusu Gwamaka na dumu la maziwa
hakuna kilichoandikwa. Si agenda.
Jumanne alfajiri aliteleza kwenye magogo mawili
tunayoyaita daraja kwa heshima tu.
Yeye alidaka mgomba akapona. Lita ishirini zikaenda.
Wanawake waliokuwa wakichota kule chini
waliona kijito kimekuwa cheupe,
wakainua ndoo, wakangoja,
kijito kikasahau.

Mengineyo.
Akainuka Tupokigwe, muuza maparachichi,
ambaye hajasema neno kikaoni tangu mtaa ugawanywe.
Mkononi ana mwanzi mrefu, umechanjwa alama kwa kisu.
"Hapa ni Machi," akasema, kidole kikiwa chini.
"Hapa ni Aprili. Na hapa,"
akasimama kwa ncha za vidole vya miguu,
"hapa ni Jumanne."
Hakuomba kitu. Hakumlaumu mtu.
Akauegemeza mwanzi ukutani, kando ya ramani ya kata,
akasema ndaga, akaketi.

Mwenyekiti akauliza kama hiyo ni hoja au ni taarifa.
Hakuna aliyejua.
Diwani aliutazama mwanzi, kisha akazitazama buti zake,
kisha mwanzi tena, kama mtu anayepimwa nguo.

Kikao kilifungwa saa nane kwa sala.
Diwani alivushwa kurudi ng'ambo
akiwa mgongoni kwa Gwamaka,
ameshika viatu juu, mkoba kauma kwa meno.
Hilo nalo si agenda. Nimeliandika.

Kuhusu mwanzi, nilianza: umepokelewa.
Nikafuta.
Nikaandika urefu wake, futi sita na nusu,
tarehe ya kila alama, jina la aliyepima,
kisha nikaacha mistari minne mitupu,
kwa maana Mei ndiyo kwanza imeanza.